Jinsi ya Kujenga Maisha ya Soka la Kulipwa Ukicheza Kiungo Mkabaji

Anayetaka kulipwa kwa kucheza namba sita, yaani kiungo mkabaji anayesimama mbele ya mabeki, inampasa akubali mapema kwamba hatapimwa kwa mabao. Mshambuliaji aliyefunga mabao ishirini katika msimu hahitaji kujieleza sana mbele ya klabu inayomtaka, ilhali kiungo mkabaji aliyeziba njia za pasi hata wapinzani wakalazimika kurudisha mpira nyuma haachi alama yoyote kwenye orodha ya wafungaji. Hali hiyo inagusa namna ya kufanya mazoezi, kuchagua klabu na hata kujadili mshahara.

Anza na macho, kwa kuwa ndipo wengi wanapokwama. Kabla mpira haujakufikia, geuza shingo uangalie nyuma ya bega la kulia na la kushoto, kisha urudie tena mpira ukiwa njiani, ili ujue kama kuna nafasi ya kugeuka au kama utaurudisha kwa mguso mmoja. Simama kiubavu badala ya kumpa mgongo mpinzani, na upokee kwa mguu ulio mbali naye. Mazoezi yake ni rahisi: simama katikati ya wenzako wanne waliokuzunguka, mmoja akupe pasi huku mwingine nyuma yako akinyoosha vidole, nawe utaje idadi ya vidole hivyo kabla ya kuugusa mpira. Zoezi hili lifanywe kwa miguu yote miwili, kwa sababu kiungo anayegeukia upande mmoja tu husomwa na wapinzani katika dakika za mwanzo.

Katika ukabaji, kosa la vijana wengi ni kuukimbilia mpira popote ulipo. Kazi yako ya kwanza ni kuilinda sehemu iliyo mbele ya mabeki wa kati, hasa pale mabeki wa pembeni wanapokuwa wamepanda kushambulia na timu yako ikapoteza mpira. Hapo usilale chini kunyang'anya mpira. Mcheleweshe adui, msukumie pembeni, wape wenzako sekunde chache za kurudi. Kuteleza chini ili kunyang'anya mpira hushangiliwa sana jukwaani, lakini mara nyingi ni ushahidi kwamba ulichelewa kusimama mahali panapofaa. Zaidi ya hayo, kadi ya njano ya dakika ya kumi na tano inakufunga mikono kwa muda wote uliobaki, maana ya pili ni nyekundu, na wapinzani watapita kwako kwa makusudi.

Katika kuchagua klabu, tazama dakika za kucheza kabla ya jina. N'Golo Kanté alicheza Boulogne katika daraja la tatu la Ufaransa, akaenda Caen, kisha mwaka 2015 akajiunga na Leicester City na kutwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2016. Mwaka uliofuata aliutwaa tena akiwa Chelsea. Namba sita hujifunza kusoma mchezo kwa kucheza, na benchi la klabu kubwa halimfundishi hilo.

Mkataba nao una kanuni zake. Kwa mujibu wa FIFA, mkataba wa mchezaji wa kulipwa kwa kawaida hauzidi miaka 5, na wa aliye chini ya miaka 18 hautambuliwi zaidi ya miaka 3; aliyebakiwa na miezi 6 au pungufu anaruhusiwa kusaini na klabu nyingine kwa ajili ya muda utakaofuata. Unapokwenda mezani, beba video za mechi zako nzima na takwimu za mipira uliyonasa na pasi zilizofika, kwa sababu vipande vifupi vya video humfaa winga kuliko wewe. Kiungo mkabaji Claude Makélélé alitaka mshahara bora Real Madrid mwaka 2003, akaachwa aende Chelsea, na Madrid haikutwaa tena ubingwa wa Hispania hadi mwaka 2007. Sidai kwamba kuondoka kwake ndiyo sababu pekee, ila klabu ilikithamini kidogo kile kisichoonekana.

Kuhusu mwili, imarisha misuli ya nyuma ya paja na ya kinena, kwa kuwa kusimama ghafla na kugeuka kunaweza kuiumiza. Pumziko pia ni sehemu ya mazoezi. Rodri, kiungo mkabaji wa Hispania, aliumia goti vibaya Septemba 2024, mwezi mmoja kabla ya kupewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, na msimu wake ukaharibika.

Kasi ikianza kupungua, nafasi hii ina mlango wa nyuma: Javier Mascherano alisogezwa nyuma akawa beki wa kati alipokuwa Barcelona na akadumu humo kwa miaka. Mlango mwingine ni ukocha, kwani anayecheza katikati huzoea kuupanga mchezo kwa sauti. Didier Deschamps aliinua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa Ufaransa mwaka 1998 na akalitwaa tena akiwa kocha mwaka 2018. Masomo ya leseni ya ukocha huchukua muda mrefu, hivyo yaanze ungali unacheza, wakati kocha wako bado yuko karibu na unaweza kumuuliza kila wiki kwa nini amekupanga pale alipokupanga.