Tafuta kitu kichanga zaidi kwenye picha

Nina duka la fremu hapa Nakuru, na kazi inayoniletea watu wengi ni ya matanga. Jamaa wanakuja na picha ya marehemu akiwa kijana, wanataka niikuze, na wanataka pia maneno machache ya kuweka chini yake katika kijitabu cha mazishi: ni wapi, ni mwaka gani. Mara nyingi hakuna anayejua, au kila mmoja anajua lake.

Kijana mmoja aliniletea picha ya babu yake. Nyeusi na nyeupe, kingo zake zina meno, wanaume wawili wamesimama kando ya behewa. "Mama, hii ni hapa Nakuru, 1952," akaniambia. "Hata muhuri wa studio uko nyuma." Kweli ulikuwepo, wino wa zambarau, na jina la Nakuru linasomeka vizuri. Acha niwaeleze nilivyoisoma, kwa sababu ndivyo ninavyozisoma zote.

Mgongo wa picha ndio wa kwanza kutazamwa. Kama imegandishwa kwenye albamu usiibandue kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno katikati, polepole, na ukiona karatasi inachanika uache. Muhuri unakuambia picha ilisafishiwa wapi, haukuambii ilipigwa wapi. Babu huyu alikuwa mtu wa reli. Angeweza kupigwa picha popote garimoshi lilipofika, halafu filamu ikasafishwa nyumbani.

Ukigeuza upande wa mbele, chukua kioo cha kukuzia na uziache nyuso kwanza. Najua ni vigumu, macho yanamkimbilia babu yenyewe. Lakini nyuso hazina mwaka. Zunguka pembeni: magari, maandishi ukutani, bendera, picha ya rais iliyotundikwa dukani. Unatafuta kitu kilichozaliwa mwisho kuliko vyote, kwa kuwa picha haiwezi kupigwa kabla ya kitu hicho kuwepo. Mzee Kenyatta ukutani hakuthibitishi mengi, watu walimwacha pale hata baada ya kufariki Agosti 1978. Moi akiwa ukutani kama rais, basi hiyo si picha ya kabla ya hapo. Gari lenye nambari inayoanza KAA na kuishia na herufi ni la 1989 au baadaye. Zile za zamani zilikuwa herufi tatu na tarakimu peke yake.

Behewa la babu lilikuwa na herufi EAR&H. Shirika hilo la reli na bandari za Afrika Mashariki lilianza 1948. Kabla yake mabehewa yaliandikwa KUR, yaani reli ya Kenya na Uganda. Kwa hiyo 1952 ilikuwa bado inawezekana. Ila nyuma ya behewa kulikuwa na pua ya gari, taa na grili tu. Ilikuwa Peugeot 404, na gari hilo halikuwepo duniani kabla ya 1960. Kisha nikaona bendera juu ya paa la ofisi. Rangi hazionekani, lakini ngao ya katikati na mikuki yake inaonekana. Bendera yetu hiyo ya Kenya ilipandishwa Desemba 1963. Miaka kumi na moja ya familia ikaondoka hapo hapo, na kijana akakaa kimya akiitazama.

Nguo zinadanganya, hasa kwetu. Mitumba hufika ikiwa imeshavaliwa miaka mingi kwingine, na studio nyingi zilikuwa na koti na tai za kuazima wateja.

Mahali sasa. Kwanza hakikisha picha haikugeuzwa wakati wa kusafishwa: soma maandishi, tazama vifungo vya shati la mwanamume viko upande gani. Baada ya hapo tafuta mstari wa milima, maana majengo hubomolewa na milima hubaki. Hapa Nakuru, mlima Menengai uko kaskazini na ziwa liko kusini. Mtu akisimama na Menengai mgongoni, kamera inaangalia kaskazini. Na hapa tuna bahati ya kuishi karibu na ikweta: kivuli cha saa sita mchana huangukia kusini kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba, kisha hugeukia kaskazini. Kivuli kifupi kinachoijia kamera kinakupa nusu ya mwaka. Vitabu vya Ulaya havina jambo hili, kwani huko kivuli cha adhuhuri huelekea upande mmoja mwaka mzima.

Maji pia yana historia. Magugumaji yakionekana kwenye ghuba ya Kisumu, usiseme ni miaka ya sitini. Yalitusumbua kuanzia miaka ya tisini. Migunga iliyokauka imesimama ndani ya Ziwa Nakuru ni ya juzi, maji yalipopanda.

Katika picha ya babu hapakuwa na Menengai. Kulikuwa na winchi ya bandari, na nyuma yake bomba la moshi la meli. Nakuru haina meli za namna hiyo. Reli, winchi na meli pamoja, kwa mtu wa reli aliyefanya kazi upande huu, ni gati la Kisumu.

Kikomo cha juu cha mwaka nilikipata kwa familia. Niliuliza yule wa pili ni nani. Kijana akampigia shangazi yake simu, shangazi akasema ni ndugu mdogo wa babu, aliyefariki 1966. Mtu aliyekufa ndiye ushahidi mgumu kuliko gari lolote.

Nikaandika mgongoni kwa penseli laini, karibu na ukingo, maana kalamu ya wino hupenya: Gati la Kisumu, kati ya Desemba 1963 na 1966. Kisha majina yao wawili, kushoto kwenda kulia.