Programu ikianguka, isome anwani

Wenzangu tunaoandika C++ hapa Kampala, mteja wa Gulu akikutumia logi ya programu iliyoanguka yenye anwani ya kumbukumbu 0x55d0c3a4f1d6 tu, usianze kubahatisha. Kwenye Linux programu nyingi hupakiwa mahali tofauti kila zinapowashwa, kwa hiyo kwanza toa kwenye anwani hiyo (kwa hesabu ya kutoa) anwani ya mwanzo ya programu iliyo katika /proc/PID/maps, PID ikiwa namba ya programu inayoendeshwa. Ikiwa ni 0x55d0c3a4e000, inabaki 0x11d6. Kisha tumia addr2line, zana inayogeuza anwani kuwa mstari wa msimbo:

addr2line -f -C -e programu 0x11d6

Hapo utapata jina la fanksheni, faili na mstari. Ukiona ??:0, mara nyingi umesahau -g (chaguo la kuweka taarifa hizo wakati wa kukompaili) au hukutoa anwani ya mwanzo.

Kumbuka, maps hupotea programu ikifa, basi iandike kwenye logi mapema. Na kabla ya strip (amri inayofuta taarifa hizo kwenye programu), tunza nakala nzima ya toleo lilelile alilonalo mteja. Nakala ya toleo jingine hukupa jina lisilo lenyewe. Mimi lilinipotezea siku mbili.