Viza ya Masomo na Kibali cha Kazi Baada ya Kuhitimu: Panga Safari Kuanzia Mwisho

Mwanafunzi anayetaka kusoma ugenini kwa kawaida huanza kwa kutafuta chuo, akaja kwenye ada, kisha akamalizia na viza, huku suala la kufanya kazi baada ya masomo akilikumbuka akiwa amebakiza muhula mmoja. Kwa maoni yangu mpangilio huo unapaswa kugeuzwa. Ruhusa ya kubaki na kufanya kazi baada ya kuhitimu hutolewa au hukataliwa kwa kuangalia mambo ambayo mwombaji aliyaamua miaka miwili au minne iliyopita: chuo alichokichagua, ngazi na muda wa kozi, jinsi alivyosoma, saa alizofanya kazi, hata tarehe ya mwisho ya pasipoti yake. Mengi kati ya hayo hayarekebishiki baada ya mahafali. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kibali cha kazi, kisha unarudi kwenye viza ya masomo.

Soma masharti ya kibali cha kazi kabla ya kuchagua kozi

Kanada ndiyo inayoonyesha vizuri kuliko nchi nyingine jinsi uamuzi wa mwanzo unavyobana mwisho. Kibali chake cha kazi kwa wahitimu, kinachojulikana kama PGWP, hupimwa kwa urefu wa kozi: kozi isiyofika miezi 8 haimpi mtu chochote, kozi ya kuanzia miezi 8 hadi chini ya miaka 2 kwa kawaida humpa muda unaolingana na urefu wa kozi, na kozi ya miaka 2 au zaidi humpa hadi miaka 3. Tangu Februari 2024, mwenye shahada ya uzamili anaweza kupewa miaka 3 hata kama masomo yake yalikuwa ya chini ya miaka 2. Kwa maombi ya kibali hicho yaliyopelekwa kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 yaliongezwa masharti ya lugha, na kwa baadhi ya kozi zisizo za shahada fani yenyewe nayo huangaliwa. Zaidi ya hayo, si kila chuo kilichoruhusiwa kupokea wanafunzi wa kigeni kinamstahilisha mhitimu wake kuomba PGWP. Hizo ni orodha mbili tofauti, na wengi husoma moja tu. Tena kibali hiki hutolewa mara moja maishani. Anayekitumia baada ya stashahada fupi hatakipata tena akimaliza uzamili, kwa hiyo mwenye mpango wa kusoma ngazi mbili ajiulize mapema ni baada ya ngazi ipi atakihitaji zaidi.

Marekani hali ni nyingine. Mwenye viza ya wanafunzi ya F-1 anaweza kuomba OPT, yaani ruhusa ya kufanya kazi katika fani aliyoisomea kwa miezi 12, na waliosoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati wanaweza kuongezewa miezi 24 iwapo mwajiri wao amesajiliwa katika E-Verify, mfumo wa serikali wa kuthibitisha kwamba mtu ana ruhusa ya kufanya kazi. Kinachoamua kama kozi imo katika kundi hilo ni msimbo wa programu unaoandikwa kwenye I-20, fomu ambayo chuo humpa mwanafunzi, wala si jina la kozi pekee. Shahada ya uchumi wa jumla na shahada ya ekonometriki na uchumi wa kihesabu zinaweza kutolewa na idara moja, huku ya pili ikiwa kwenye orodha na ya kwanza ikiwa nje yake. Tofauti ya miezi 24 inatokana na tarakimu chache, kwa hiyo kiulize chuo msimbo huo kwa maandishi kabla ya kulipa amana ya kushikilia nafasi.

Uingereza ilianza kupokea maombi ya viza ya wahitimu tarehe 1 Julai 2021, ikitoa miaka 2 kwa wenye shahada ya kwanza na uzamili, na miaka 3 kwa wenye uzamivu. Kwa maombi yatakayopelekwa kuanzia tarehe 1 Januari 2027, ile miaka 2 itakuwa miezi 18, na uzamivu utabaki palepale. Anayeanza shahada ya miaka mitatu asipige hesabu zake kwa muda anaousikia kwa waliomtangulia. Australia, kwa viza yake ya aina ya 485, huangalia pia umri: tangu Julai 2024 mwombaji anatakiwa asiwe amezidi miaka 35, isipokuwa waliosoma uzamili wa utafiti au uzamivu, ambao kikomo chao ni miaka 50. Masomo yenyewe lazima yafikie miaka miwili ya kitaaluma, kwa hiyo uzamili wa mwaka mmoja peke yake hautoshi. Ujerumani humpa mhitimu wa chuo chake hadi miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na elimu yake, na katika muda huo anaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Ayalandi hutoa miezi 12 baada ya shahada ya kwanza ya kiwango cha "honours" na hadi miezi 24 baada ya uzamili.

Masharti haya hubadilika, mara nyingine katikati ya masomo ya mtu. Yasome kwenye tovuti ya serikali ya nchi husika, na uhifadhi nakala ya ukurasa uliousoma pamoja na tarehe.

Maombi ya viza ya masomo

Hati ya kwanza hutoka chuoni: Marekani ni I-20, Uingereza ni namba ya CAS, Australia ni uthibitisho wa uandikishaji, na Kanada ni barua ya udahili ambayo kwa waombaji wengi huambatana na barua ya uthibitisho kutoka jimboni. Ukiipokea, linganisha kila herufi ya jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti na yaliyomo kwenye pasipoti yenyewe, kwa sababu kosa dogo ni rahisi kulisahihisha likiwa bado mikononi mwa ofisi ya udahili.

Sehemu inayoangusha watu wengi ni pesa, na mara nyingi tatizo huwa ni namna pesa zilivyoonyeshwa, hata pale kiasi chenyewe kinapotosha. Uingereza hutaka kiasi kinachohitajika kiwe kimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na siku ya mwisho ya kipindi hicho isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya maombi kupelekwa. Salio likishuka chini ya kiasi hicho hata kwa siku moja, hesabu huanza upya. Ujerumani kwa kawaida hutaka akaunti iliyozuiliwa yenye euro 11,904 kwa mwaka, ambayo mwanafunzi huruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Kanada, tangu tarehe 1 Septemba 2025, hutaka mwombaji mmoja anayekwenda nje ya jimbo la Quebec aonyeshe dola 22,895 za Kanada za kujikimu, mbali na ada ya mwaka wa kwanza na nauli. Australia kiwango cha kujikimu kwa mwaka ni dola 29,710 za nchi hiyo.

Afisa anayesoma taarifa ya benki hatazami salio la mwisho tu. Hutazama pesa zilikotoka. Akaunti iliyokuwa na kiasi kidogo kwa miezi kadhaa, kisha ikapokea mkupuo mkubwa wiki moja kabla ya maombi, humfanya aulize kama pesa hizo ni za kuazima. Kama zimetokana na kuuza kiwanja, ambatisha mkataba wa mauzo. Kama ni mkopo, ambatisha barua ya benki. Kama ni za mfadhili, eleza uhusiano wenu na uuthibitishe kwa cheti cha kuzaliwa au hati nyingine, pamoja na ushahidi wa kipato chake. Barua ya maelezo ya ukurasa mmoja inayofuata mtiririko wa pesa tangu zilipoingia hadi zitakapolipa ada ina uzito kuliko bahasha iliyojaa risiti zisizo na maelezo.

Linakuja sasa swali gumu: je, mtu aseme kwamba anatarajia kufanya kazi baada ya masomo? Jibu linategemea sheria ya nchi. Chini ya kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani, afisa huanza kwa kudhani kwamba mwombaji anakusudia kuhamia, na mwombaji ndiye anayepaswa kumwonyesha kuwa ana sababu za kurudi. Kanada inatambua kwamba mtu anaweza kuwa na nia ya kusoma na wakati huohuo tumaini la kubaki baadaye, mradi afisa aridhike kuwa ataondoka ikibidi. Australia, tangu tarehe 23 Machi 2024, humtaka mwombaji athibitishe kwamba kweli ni mwanafunzi, kwa maswali kuhusu hali yake, sababu za kuchagua kozi na chuo, na faida ya kozi hiyo kwake. Popote ulipo, eleza kwanza masomo na jinsi yanavyoungana na ulichokwisha kusoma au kufanya, na ukiulizwa kuhusu kazi, jibu ukweli. Hati ya kughushi au maelezo ya uongo yanaweza kumfungia mtu mlango kwa miaka 5 Kanada, miaka 10 Uingereza, na bila kikomo Marekani. Kukataliwa viza hapo awali nako lazima kutajwe pale fomu inapouliza, kwa kuwa kukataliwa kunaelezeka, lakini kukuficha ni kosa jipya.

Ukimtumia wakala, soma fomu yote kabla haijatumwa na udai nywila ya akaunti ya maombi. Jina lililo chini ya tamko ni lako, na uongo ulioandikwa na wakala bila wewe kujua utahesabiwa kuwa wako.

Ukiwa masomoni

Hapa ndipo haki ya baadaye hupotea kimyakimya. Mwanafunzi wa shahada Uingereza huruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki huhesabiwa kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Kujiajiri hakuruhusiwi, hata kwa kazi za mtandaoni. Kanada ni saa 24 kwa wiki nje ya chuo, Australia ni saa 48 kwa wiki mbili, na Marekani ni saa 20 kwa wiki ndani ya chuo. Anayefanya kazi sehemu mbili ajumlishe saa mwenyewe, kwa kuwa kila mwajiri anaona zake tu.

Usipunguze masomo bila kuongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Kanada hutaka mwanafunzi awe amesoma kwa muda wote kila muhula, isipokuwa wa mwisho, ili astahili PGWP, kwa hiyo aliyeacha somo moja katikati ya mwaka ili apumue anaweza kulilipia baada ya kuhitimu. Marekani, aliyetumia miezi 12 au zaidi ya mafunzo ya kazi ya muda wote yaliyo sehemu ya mtaala, yaani CPT, hupoteza OPT ya ngazi hiyo ya elimu. Miezi 11 haimwondolei kitu.

Dirisha la maombi baada ya kozi

Usisubiri mahafali. Marekani, maombi ya OPT hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kozi kuisha hadi siku 60 baada yake, na lazima yapelekwe ndani ya siku 30 tangu afisa wa chuo aweke pendekezo lake kwenye mfumo. OPT ikishaanza, siku zisizo na kazi hazitakiwi kuzidi 90 kwa jumla.

Kanada, mhitimu ana siku 180 tangu apate uthibitisho wa kumaliza, lakini kibali chake cha kusoma kinaweza kufa siku 90 baada ya kozi hata kama tarehe iliyochapwa bado haijafika. Anayeomba PGWP wakati kibali chake cha kusoma kikiwa bado hai anaweza kufanya kazi akisubiri majibu, na anayechelewa hukosa nafasi hiyo. PGWP pia haitolewi kupita tarehe ya mwisho wa pasipoti, kwa hiyo pasipoti iliyobakiza mwaka mmoja ihuishwe kwanza.

Uingereza, mwombaji lazima awe ndani ya nchi, viza yake ya masomo iwe haijaisha, na chuo kiwe kimekwisha kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani kwamba amemaliza. Akisafiri nje kabla ya uamuzi, isipokuwa kwenda Ayalandi au visiwa vinavyohusiana na Uingereza, maombi yake huhesabiwa kuwa yameondolewa. Ada ya huduma za afya ni pauni 1,035 kwa mwaka na hulipwa yote mara moja pamoja na ada ya maombi, hivyo ianze kuwekwa akiba tangu mwaka wa mwisho wa masomo. Australia hutoa miezi 6 ya kupeleka maombi tangu kumaliza, na matokeo ya mtihani wa Kiingereza yasiwe yamepita mwaka mmoja. Yale yaliyotumika kupata viza ya masomo kwa kawaida yatakuwa yamekwisha muda.

Viza ya wahitimu ya Uingereza haiongezwi muda. Anayetaka kubaki huhamia viza nyingine, kwa kawaida ya mfanyakazi mwenye ujuzi, ambayo huhitaji mwajiri mwenye leseni ya kudhamini wageni. Orodha ya waajiri hao ni ya wazi kwenye tovuti ya serikali, nayo ifunguliwe kabla ya barua ya kwanza ya kuomba kazi kuandikwa. Marekani, waajiri husajili waombaji wa H-1B, viza ya kazi ya wenye utaalamu, mwezi Machi kila mwaka, na mwenye nyongeza ya miezi 24 huweza kuingia katika uteuzi huo zaidi ya mara moja. Kwa hiyo katika usaili, ukishaona mazungumzo yanaelekea kwenye mshahara, muulize mwajiri kama atakusajili, na kwa Machi ya mwaka gani.