Usiiue laini yako kabla ya kwenda kufanya kazi nje

Wengi hushughulika na viza na mizigo, laini ya simu wanaikumbuka wakishafika. Benki ya nyumbani inatuma namba ya kuthibitisha muamala kwenye laini ile ile uliyoitupa. Ya ugenini nayo mara nyingi haikufungulii akaunti bila anwani, na mwenye nyumba anataka akaunti kwanza! Hapo katikati unabaki kutegemea benki ya nyumbani. Kwa hiyo washa rominga (huduma ya kutumia laini yako ukiwa nchi nyingine) kabla ya kuondoka, halafu weka vocha mara moja moja, maana laini isiyotumika hufungwa na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Simu ya laini mbili inasaidia sana. Kama benki yako ina programu inayothibitisha bila meseji, isajili ungali nyumbani. Ukiwa mbali huenda wakakwambia ufike tawini.