Kabla hujampa dawa na kumvalisha sweta: aende shule leo au abaki?

Habari za jioni, wazazi. Mimi ni mwalimu wa gredi ya pili hapa Kisumu na ni mama wa watoto watatu, kwa hivyo jambo hili naliona nikiwa ndani ya lango la shule na nikiwa nje yake. Kila muhula napokea watoto waliopewa dawa ya kushusha joto saa kumi na mbili asubuhi. Wanaingia darasani wachangamfu, wanaimba, wananyoosha mikono. Ikifika saa nne, wakati wa uji, dawa imekwisha nguvu na mtoto amelala juu ya dawati. Parasetamoli hufanya kazi kwa muda wa saa nne hadi sita hivi. Ugonjwa wenyewe haujaenda popote.

Kosa hilo nimelifanya mimi pia. Binti yangu wa pili akiwa PP2, darasa la mwisho la chekechea, aliamka mwili moto. Nikampa dawa, joto likashuka, nikamvalisha sweta nikampeleka, kwa sababu nilikuwa na watoto hamsini wananisubiri. Nilipopigiwa simu nikamfikia, ukosi wa sweta ulikuwa umelowa jasho na krayoni ya kijani ilikuwa bado mkononi, ameishikilia usingizini. Ilikuwa malaria. Alipona, lakini tangu siku hiyo sijampeleka mtoto shuleni kwa nguvu ya dawa.

Tuelewane kwa neno moja kwanza. Hapa kwetu ukisema mtoto ana homa, wengine wanaelewa mafua na wengine wanaelewa mwili kuwa moto. Katika somo hili nitasema mafua kwa mafua, na joto kwa joto.

Hatua ya 1: Mtazame kabla ya dawa yoyote

Mwamshe, mkalishe, mpe maji. Anakunywa? Anakujibu kama kawaida yake? Anauliza chai iko wapi? Mtoto mwenye kamasi anayegombania kiti na ndugu yake anaweza kwenda shule. Mtoto asiye na kamasi wala kikohozi, lakini amekaa kimya na hataki kunyanyuka, huyo ndiye wa kuangaliwa. Wewe unaijua tabia ya mwanao kuliko mwalimu na kuliko daktari.

Zipo dalili ambazo hazingoji hatua ya pili: degedege, shingo kukakamaa, kutapika kila kitu, kushindwa kunywa, kupumua haraka huku kifua kikibonyea ndani, viganja kuwa vyeupe, mkojo kuwa mweusi kama soda, au usingizi usioamshika. Hapo habari ya shule imekwisha. Ni hospitali, sasa hivi, kwa boda au kwa gari la jirani.

Hatua ya 2: Pima joto

Kiganja kwenye paji la uso hudanganya, hasa kama umetoka kuwasha jiko. Nunua kipima joto, kiweke kwapani hadi kilie. Kikisoma 37.5 au zaidi, ana joto, na anabaki nyumbani. Atarudi shule akiwa amekaa saa 24 bila joto na bila dawa ya kulishusha. Hayo maneno ya mwisho ndiyo wengi tunayaruka.

Hatua ya 3: Ana joto? Pima malaria

Sisi wa kandokando ya ziwa, kutoka Homa Bay na Siaya hadi Busia, tunaishi na malaria mwaka mzima, na mvua ndefu huiongeza. Tatizo ni kwamba tumeizoea hadi tunaitibu kwa kubahatisha. Unaenda duka la dawa, unanunua tembe nne kwa sababu pesa ni kidogo, mtoto anapata nafuu siku mbili, kisha inarudi kwa ukali. Au haikuwa malaria kabisa, ilikuwa nimonia, na siku mbili zimepotea.

Kipimo cha haraka ni tone la damu kutoka kidoleni, na majibu hutoka kwa dakika 15 hadi 20. Zahanati wanapima. Ulizia pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Wengi wao katika kaunti zetu wamefunzwa kupima malaria, na tangu 2023 wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa, kipima joto kikiwemo.

Akipatikana nayo, dawa ya kawaida ya AL (artemether-lumefantrine) humezwa mara sita kwa jumla, ndani ya siku tatu. Dozi ya pili humezwa baada ya muda wa saa nane tangu ya kwanza, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Idadi ya tembe hutegemea uzito: mtoto wa kilo 15 hadi 24 humeza mbili kila mara, jumla kumi na mbili. Mpe pamoja na chakula au maziwa, maana dawa hii huingia mwilini vizuri ikipata mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa, mpe tena. Na asiache hata tembe moja, hata kama siku ya pili anaruka kamba.

Hatua ya 4: Tumbo

Akiharisha au kutapika, anabaki, na ni vizuri akae saa 48 tangu mara ya mwisho. Vyoo vya shule na maji ya kunawa tunavijua. Mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, changanya kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti maana si pakiti zote ni za maji sawa, na zinki mmalizie siku zote alizoandikiwa. Damu kwenye choo ni zahanati siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Ngozi

Tetekuwanga: abaki hadi malengelenge yote yakauke yawe magaga. Surua: siku nne tangu vipele vitokee, na mpeleke zahanati aonekane. Upele unaowasha (scabies): anaweza kurudi akishapakwa dawa mara ya kwanza, na nyumba nzima ipakwe siku moja.

Hatua ya 6: Mwambie mwalimu ukweli

Ujumbe mfupi unatosha: "Mwalimu, ana joto, tunaenda kupima." Hatutamchukia mtoto. Na ukimpeleka akiwa bado anameza dawa, tuandikie saa na kipimo.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Kondele:* Mwalimu, wangu alipatikana na malaria jana na mtihani ni kesho. Akikosa?

Mama, malaria haimwambukizi aliyekaa naye dawati moja, kwa hivyo swali ni kama yeye mwenyewe ataweza. Kesho atakuwa katikati ya dozi. Mwachie apumzike. Mpigie mwalimu wa darasa uombe aufanye baadaye. Mtoto anayetetemeka haandiki anachokijua.

*Baba wa Nakuru:* Huku kwetu malaria si kawaida. Tulitoka Busia kwa nyanya yao kama siku kumi zilizopita, na leo mdogo ana 38.2. Si ni hii baridi tu?

Apimwe leo, baba. Dalili mara nyingi huanza siku saba hadi kumi na tano baada ya kuumwa na mbu, na wewe umo ndani ya siku hizo. Ukifika tu, sema mlikuwa Busia, kwa sababu Nakuru daktari anaweza asiifikirie.

*Mama wa Siaya:* Wangu alipata chanjo ya malaria akiwa mdogo. Bado nimpime?

Ndiyo. Chanjo ile, iliyoanza huku magharibi mwaka 2019, hupunguza malaria na hasa ile kali, lakini haiifungii mlango wote. Neti pia isiondolewe.

*Mzazi wa Manyatta:* Ana mapunye kichwani, shule imemrudisha. Ni haki?

Akishaanza dawa anaweza kukaa darasani. Lakini mapunye ya kichwani yanataka dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa, mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye shina la nywele. Chukua barua ya zahanati uonyeshe shuleni. Vitana na kofia visishirikiwe.

*Mama wa Kibuye:* Nauza mboga. Nisipofungua siku moja hakuna chakula jioni. Nani atakaa naye?

Dada yangu, swali lako ni gumu kuliko somo langu lote. Usimwachie dada yake wa miaka tisa, naye atakosa shule na hatajua hali ikibadilika. Tafuteni mama wawili watatu wa plot moja mpokezane siku. Aliyebaki umwonyeshe kipima joto, umwachie ORS na nauli ya boda, na mrudie pamoja zile dalili za hatari. Na wewe simu iwe na chaji.

*Mama wa Ahero:* Wangu ana selimundu na anameza proguanil, ile ya kuzuia malaria, kila siku. Joto limefika 38 sasa hivi, nisubiri asubuhi?

Usisubiri. Kwa mtoto wa selimundu joto ni dharura, hata akiwa anacheza. Beba kadi yake ya kliniki, blanketi na maji ya kunywa, mwende usiku huu. Ukifika tuandikie hapa.