Jinsi ya kuchambua muvi na sizoni za Marvel mpaka mtu ajue aangalie au aache

Kuchambua muvi ya Marvel, ile kampuni ya Marekani ya mashujaa wenye nguvu za ajabu, ni kazi mbili kwa mpigo na wengi wetu tunafanya moja tu. Ya kwanza ni kusema muvi yenyewe ikoje, inavyoanza na inavyoisha, kama vile hakuna nyingine. Ya pili ni kusema inakaaje kwenye ule mnyororo ulioanza 2008 na Iron Man, maana hizi stori zote ziko dunia moja na mtu akifa huku msiba wake unaliliwa kule. Ukifanya hiyo ya pili peke yake unaishia kuandika orodha ya nani katokea wapi, na ukifanya ya kwanza peke yake unamuacha mwenzio anakata tiketi pale Mlimani City afu anakaa masaa mawili hajui yule dada anamlilia nani. Kwangu mimi ya kwanza ndo inabeba uzito mkubwa, ila zote ziwepo.

Kabla hujaandika chochote jua unamwandikia nani. Kuna yule aliyeona kila kitu mpaka vile vipande vifupi vinavyokuja mwishoni kwenye majina ya waliotengeneza muvi, huyo hakuhitaji sana, ashaamua. Kuna asiyetaka kusikia habari za watu wanaopaa. Katikati yao ndo kuna watu kibao, aliona Black Panther, akaona Endgame kwa sababu mtaa mzima ulikuwa unaiongelea, akaishia hapo, na sasa kuna mpya imetoka na hajui kama atoe hela au asubiri. Mwandikie huyo. Kila ukiandika jina la mtu jiulize yeye anamjua? Kama hamjui mpe maneno matano tu, usimpe historia ya ukoo.

Swala la mpangilio watu wanabishana sana ila mi sioni ugumu, fuata mwaka wa kutoka. Captain Marvel imetoka 2019 ila stori yake ni ya 1995, sasa mtu akikwambia anza nayo kwa sababu stori yake ya zamani, muulize kile kipande chake cha katikati ya majina mgeni atakielewaje, maana kinaongelea mambo yaliyotokea mwisho wa Infinity War. Na wala huna haja ya kurudia muvi zote 23 za kuanzia 2008 mpaka 2019 kila inapotoka mpya, tafuta mbili tatu zinazomhusu steringi wa hiyo unayoichambua, zirudie hizo, inatosha kabisa.

Kitu kingine ambacho wachambuzi wa Bongo tunakiruka, sema uliangaliaje. Umeona sinema, umewekewa kwenye flashi Kariakoo, au umeona kibanda umiza ikiwa imetafsiriwa? Haya mambo yanabadilisha kabisa unachokiona. Watafsiri wetu wanaoingiza sauti ya Kiswahili juu ya muvi, tangu enzi za mkongwe wao Lufufu, ni wasanii kamili, wanaongeza utani, wanawapa watu majina, wanaeleza kitu ambacho muvi yenyewe ilikuwa imekificha makusudi, na kuna muvi zinanoga zaidi zikipita mikononi mwao. Ila ukitaka kuongelea skripti, yaani mazungumzo yameandikwa vizuri au vibaya, ni lazima uipate na ile ya sauti yake yenyewe, la sivyo unampa dairekta wa Marekani sifa au lawama za mtu wa hapa hapa mjini. Kopi ya kurekodiwa ukumbini ndo kabisa, picha ina giza, vichwa vya watu vinapita, afu unaandika eti mwanga wa muvi mbaya. Sio haki.

Na sauti pia. Ludwig Göransson kabla hajatunga muziki wa Black Panther alienda Senegal, akazunguka na mwanamuziki wa huko Baaba Maal, akarudi na ile ngoma inayoitwa tama, ambayo inabanwa kwapani na inapanda na kushuka sauti kama mtu anaongea, akampa T'Challa, steringi wa muvi, hiyo ngoma, na adui yake Killmonger akampa filimbi ya Kifula. Kazi hiyo ikampa Oscar 2019. Sasa kibandani spika inakoroma na mtafsiri yuko juu yake, ile ngoma huisikii hata kidogo. Kwa hiyo kama uliona hivyo, muziki usiuguse, ongelea vingine, au itafute urudie na hedifoni.

Angalia mara mbili ukiweza. Mara ya kwanza simu weka mbali, acha muvi ikupige inavyotaka, na ikiisha andika haraka mistari michache ya ulichohisi kabla hujasoma mtu yeyote kasema nini, maana ukishasoma ya wengine ya kwako inapotea. Mara ya pili ndo unakuwa na daftari au noti za simu, unaandika dakika na kilichotokea. "Fulani dakika ya 40 anadanganya." Vitu vidogo hivyo hivyo.

Tufike kwenye kuandika sasa, na hapa ndo nataka tukae kidogo. Ugonjwa mkubwa ni maneno matupu. "Eksheni kali sana, stori nzuri, picha safi." Hayo unaweza kuyabandika kwenye muvi yoyote duniani. Chukua tukio moja, lieleze mpaka msomaji alione, halafu sema kwanini linafanya kazi. Mfano Captain America: The Winter Soldier ya 2014, kuna lile tukio la kwenye lifti. Steve Rogers, ndo Captain America mwenyewe, kaingia peke yake. Lifti inasimama, wanaingia wanaume kadhaa, wenzake wa kazi. Inasimama tena, wanaingia wengine. Hakuna anayesema kitu cha maana, wanaongea mambo ya kazi kikawaida tu, ila Steve anamwona mmoja jasho linamtoka shavuni, anaona mkono wa mwingine uko karibu na silaha. Lifti imejaa. Na yeye, kabla hawajaanza, anauliza kwa upole kama kuna anayetaka kushuka. Ukiandika hivyo umeshasema mambo matatu bila kuyataja, kwamba jamaa ana akili na sio misuli tu, kwamba dairekta wanajua kukuchelewesha kabla ya ngumi, na kwamba ngumi zenyewe zinapigwa sehemu finyu ambayo hata huyo mwenye nguvu hana pa kujigeuzia. Hapo mtu anajua mwenyewe kama hiyo ni muvi yake.

Ukishajua kufanya hivyo kwa tukio zuri, fanya hivyo hivyo kwa baya. Black Panther naipenda kutoka moyoni na bado nitasema lile pambano la mwisho kule chini kwenye reli halina uzito, miili imechorwa na kompyuta inaruka kama haina mifupa, hasa ukilinganisha na yale mapambano mawili ya maporomoko ya maji ambapo unawaona kabisa watu wanachoka. Kusema hivyo hakuishushi muvi. Inampa msomaji sababu ya kukuamini ukisifia.

Adui mpe nafasi yake. Sisi tumelelewa na sheria moja kwamba steringi hafi, na Infinity War ya 2018 iliivunja hadharani watu wakatoka ukumbini kimya, na iliweza kwa sababu adui, Thanos, ndo alibeba ile muvi, yeye ndo ana safari, ana anachokitaka na anacholipia. Kwa hiyo uliza, adui anataka nini, na je ana hoja? Killmonger ana hoja, njia yake ndo mbaya. Halafu angalia wanavyokuonyesha hilo bila hotuba, T'Challa akienda kuonana na wazee waliokufa anakuta nyika wazi na chui weusi juu ya mti, Killmonger akienda anakuta chumba cha Oakland, Marekani, alichokulia na baba yake kakaa hapo hapo. Mizimu yake haijui njia ya kurudi nyumbani. Mchambuzi anayeona hilo na kuliandika kwa lugha yetu amefanya kazi kubwa, na kuna vitu humo sisi tunaviona haraka kuliko wa mbali. Nyekundu ya wale walinzi wa Dora Milaje ina Umasai ndani yake, blanketi za watu wa W'Kabi, rafiki wa T'Challa, ni za Basotho wa Lesotho, lugha wanayoongea ni Kixhosa cha Afrika Kusini wakati nchi yenyewe, Wakanda ya kubuni, wameiweka huku kwetu Mashariki. Ruth E. Carter alipata Oscar ya mavazi kwa kazi hiyo. Wewe mtu wa Dar una haki ya kusema kama huo mchanganyiko umekukaa au umekukwaza, usisubiri mtu wa New York akusemee.

Sasa ule mnyororo. Kipimo changu ni kimoja, kila tukio linalounganisha na muvi nyingine liondoe kichwani uone kama muvi bado imesimama. Age of Ultron ya 2015, shujaa Thor anaenda kwenye pango, anaingia kwenye maji, anaona maono ya yale mawe ya nguvu ambayo Thanos anayasaka. Liondoe, karibu hakuna kinachopungua, lile limewekwa kwa ajili ya muvi za baadae. Hilo liseme waziwazi kwamba ni tangazo. Linganisha na No Way Home ya 2021, wanarudi Spider-Man wa zamani, ukumbi unapiga kelele, ni rahisi kuandika "surprise kali" ukaenda kulala. Ila angalia pale MJ, mpenzi wa Spider-Man wa sasa, anapoanguka na yule Spider-Man wa zamani aliyeigizwa na Andrew Garfield anaruka kumdaka, halafu uso wake anapomshusha chini. Mwaka 2014 kwenye muvi yake alishindwa kumuokoa mpenzi wake Gwen kwenye anguko kama hilo. Aliyeona ile ya 2014 analia, ambaye hakuiona anamwona mtu mzima anatetemeka na anaelewa kuna jambo lilishawahi kumkuta. Huo ndo ugeni wenye faida, unamlipa aliyeona na haumfukuzi ambaye hakuona.

Na kuna muvi zinakudai kazi ya nyumbani, hizo mtahadharishe mtu mapema, aya ya kwanza kabisa. Kwenye Doctor Strange in the Multiverse of Madness ya 2022, Wanda, yule dada mchawi wa kundi la Avengers, yuko upande mbaya anatafuta watoto, ambaye hakuona WandaVision ya 2021 atajiuliza watoto wametoka wapi na huyu si alikuwa mtu mwema. Usiandike tu "angalia WandaVision kwanza" maana hiyo ni sizoni ya episodi tisa na bando linaliwa, mpe na mistari miwili ya kumvusha, asiye na muda apite nayo.

Sizoni zenyewe zina utaratibu wake. Usihukumu kwa episodi moja. WandaVision inaanza nyeusi na nyeupe kama vichekesho vya televisheni ya zamani Marekani, ukiishia hapo utasema hakuna kinachoendelea, na ni episodi ya nne ndo wanakutoa nje kukuonyesha kinachoendelea kweli. Mi naonaga bora kuandika mara mbili, katikati na mwisho, na kwenye ya mwisho useme kama ahadi zimelipwa. Ile ya WandaVision ililipa upande wa msiba wa Wanda ila pambano likageuka kurushiana miale angani, kitu ambacho tumekiona mara nyingi mno. Loki ya sizoni ya pili 2023 yenyewe inamaliza vizuri kuliko ilivyoanza, na hilo mtu anatakiwa kuambiwa asije akakata tamaa njiani.

Kuhusu spoila, yaani kumtobolea mtu siri za muvi kabla hajaiona, Endgame ilipokuwa inatoka 2019 wale ndugu wawili walioiongoza, akina Russo, waliandika barua kabisa kuomba watu wasiharibiane. Basi heshimu. Aya za juu ziwe safi, ukitaka kuingia ndani andika kwa herufi kubwa kwamba hapa chini natoboa siri, acha nafasi, endelea. Na kwenye picha ya juu na kichwa cha habari usiweke sura ya mtu ambaye kutokea kwake ndo siri yenyewe, hilo watu wanalifanya sana na linaumiza.

Maksi sizipendi sana ila watu wanazitaka. Ukitoa, toa mbili, moja ya muvi ikiwa peke yake na moja ya kwa anayefuatilia zote. Ant-Man ya kwanza ya 2015 inasimama yenyewe vizuri, nane kwa kumi. Iron Man 2 ya 2010 kwa mtu wa kawaida nampa tano, kwa mfuatiliaji sita na nusu, maana ndo anamwona Natasha, yaani Black Widow, kwa mara ya kwanza.

Mwisho malizia na jibu la vitendo: sinema, subiri nyumbani, au ruka, na kama ni ndefu sema ni ndefu kiasi gani, Endgame ni masaa matatu na dakika moja, mtu wa Mbagala anayeingia shoo ya usiku anatakiwa ajue mapema anarudije nyumbani. Na yule atakayekuuliza aanze na ipi, mi huwa namwambia Iron Man, The Winter Soldier, Civil War, Black Panther, halafu Infinity War na Endgame siku zinazofuatana, akizipenda hizo ndo arudi kuzijaza zilizobaki.