Kumtega fukusi wa migomba kwa harufu ya mgomba wenyewe

Mgomba ukikatwa, jeraha lake hutoa harufu ambayo pua ya mtu huisikia kidogo tu, lakini fukusi huifuata gizani mpaka aifikie. Ndiyo maana shamba la Kasulu, Buhigwe au Kibondo, mkoani Kigoma, lililoachwa na visiki wazi baada ya mavuno hujaa fukusi, hata kama mwenye shamba hajawahi kumwona hata mmoja mchana. Harufu hiyo huwezi kuizuia. Unachoweza kuamua ni itokee wapi na ikae siku ngapi.

Fukusi aliyekomaa ni mdudu mweusi mwenye gamba gumu na mdomo mrefu uliopinda, urefu wake kama milimita 10 hadi 15. Aliyetoka karibuni kwenye bundo, ile hatua kati ya funza na mdudu kamili, huwa mwekundu wa kahawia, kisha hugeuka mweusi. Ukimgusa hukunja miguu na kutulia kama amekufa. Usidanganyike ukamtupa pembeni, kwa kuwa baada ya muda mfupi ataondoka na kurudi shinani. Anayekula mgomba hasa ni funza wake, mweupe, asiye na miguu, mwenye kichwa cha kahawia. Huyo hutoboa tunguu, ile sehemu nene iliyo ardhini, mpaka mgomba unadhoofika, mkungu unakuwa mdogo na upepo unauangusha. Kabla ya kumlaumu fukusi, angalia mgomba ulioanguka. Ukiwa umekatikia kwenye tunguu lililojaa mashimo, ni yeye. Ukiwa umeng'oka mzimamzima na mizizi iliyooza, kwa kawaida ni minyoo fundo, na mitego haitakusaidia.

Vipapasio vya fukusi, vilivyopinda kama kiwiko kwenye mdomo wake, ndivyo vinavyonusa. Miongoni mwa kemikali za mgomba zinazomvuta ni sineoli, ileile iliyo nyingi kwenye mafuta ya mkaratusi. Majani ya mgomba yaliyonyauka nayo humvuta. Dume akishafika hutoa harufu yake mwenyewe, feromoni iitwayo sordidini, iliyotambuliwa mwaka 1995, na hiyo huwaita madume na majike pia. Kwa hiyo mtego mzuri huanza na harufu ya mmea, halafu fukusi wenyewe wanakusaidia kuitana. Feromoni hiyo hutengenezwa pia viwandani na kuuzwa, ila mkulima wa eka moja hana haja nayo wakati kila akivuna anabaki na gogo zima.

Chagua gogo la mgomba uliovunwa karibuni, likiwa bado zito na lenye maji. Gogo lililolala wiki tatu juani halina tena harufu ya kutosha. Kata vipande vya sentimita 30, kisha pasua kila kipande katikati kwa urefu, upate mitego miwili. Tunguu huvuta fukusi zaidi ya gogo, ila kulichimba ni kazi nzito, na likiachwa shambani fukusi hutaga humo kwa raha kuliko kwenye gogo. Ukilitumia, litoe mapema.

Tega jioni, maana fukusi hutembea usiku. Sogeza matandazo mpaka uone udongo, weka kipande karibu kabisa na shina, upande uliopasuliwa ukiwa chini, kisha ukibonyeze ili kisiache nafasi kati yake na ardhi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Upande uliokatwa ukitazama juu, jua huukausha kwa siku moja, na fukusi hapati mahali penye giza na unyevu pa kujificha kunapokucha. Harufu humleta, lakini unyevu ndio unaomfanya abaki mpaka umkute. Funika juu kwa majani makavu ya mgomba.

Siku ya tatu rudi asubuhi na mapema. Geuza kipande taratibu. Utawaona wameng'ang'ania upande uliokatwa, wengine wameingia kati ya maganda yake, wengine wako kwenye udongo ulioko chini. Fungua maganda moja baada ya jingine kwa vidole, kisha kwangua udongo kwa kijiti, kwa kuwa rangi yao ni ileile ya udongo wenye mbolea, na anayetulia haonekani haraka. Watie kwenye kopo lenye kifuniko, uwamwagie maji yanayochemka au uwaponde juu ya jiwe. Maji baridi hayawaui haraka.

Rudisha kipande, ukague tena siku ya sita au ya saba. Baada ya hapo kiondoe, kikatekate vipande vyembamba na ukisambaze juani kikauke. Kipande kinachosahauliwa shambani huendelea kuita fukusi hata baada ya wewe kuacha kuja, na majike hutaga humo. Anayesahau vipande vyake afadhali asingetega.

Sasa idadi. Mtego mmoja hauvuti fukusi kutoka mbali, ni mita chache tu. Fukusi ana mabawa lakini huruka kwa nadra sana, na wengi hukaa karibu na shina walilozaliwa. Hiyo ni habari njema kwako, kwa sababu ukisafisha shamba lako, la jirani haliwezi kukujaza kwa wiki moja. Ila maana yake pia ni kwamba mitego kumi kwa eka inakuonyesha tu kama tatizo lipo. Kwa kupunguza fukusi kweli, kila shina lipate mtego mmoja kwa mwezi. Eka yenye nafasi ya mita 3 kwa 3 ina mashina karibu 450. Gogo la mita 1.8 linatoa vipande sita, yaani mitego 12, kwa hiyo unahitaji magogo 38 hivi kwa mwezi. Shamba ambalo kila shina linatoa mkungu mmoja kwa mwaka huvunwa karibu kiasi hichohicho kila mwezi. Gawa shamba mafungu manne, utege fungu moja kila wiki.

Usitegemee matokeo ya haraka. Jike hutaga mayai machache tu kwa wiki, lakini fukusi anaweza kuishi zaidi ya mwaka, na funza aliye ndani ya tunguu hausikii mtego wako. Kutoka yai mpaka fukusi ni wiki tano hadi saba kwenye joto. Endelea miezi kadhaa mfululizo. Anza mvua zinapoanza, Oktoba au Novemba, kwa kuwa fukusi hupenda ardhi yenye unyevu. Kuanzia Juni mpaka Septemba vipande hukauka upesi, kwa hiyo funika zaidi na uvikague mapema. Kadiri unavyopanda milimani fukusi hupungua, na ukivuka mita 1,600 hivi huwa haba.

Panga ni jambo la kuogopwa kuliko fukusi. Mnyauko wa bakteria umeshafika mkoani Kigoma, na panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine huubeba. Kamwe usitege kwa gogo la mgomba wenye dalili za mnyauko: ndizi zinazoiva kabla ya wakati na kuwa na kahawia ndani, au usaha wa manjano unaotoka kwenye gogo lililokatwa. Ukihama kutoka shina moja kwenda jingine, choma panga kwenye moto mpaka lisishikike, au lizamishe kwenye jiki, kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji.

Miche nayo inahitaji tahadhari ileile. Machipukizi ndiyo yanayompeleka fukusi kwenye shamba jipya. Toa mizizi yote, menya tunguu mpaka libaki jeupe, na ukikuta mashimo yameingia ndani, litupe. Kisha zamisha tunguu kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hesabu kwa saa, usikadirie, maana likizidi linaiva. Tunguu lililomenywa ni jeraha tupu na harufu yake ni kali, kwa hiyo menya mbali na shamba la zamani na uipande miche siku hiyohiyo. Miche iliyomenywa alasiri ikalazwa pembeni mwa shamba lenye fukusi inaweza kuwa na mayai asubuhi.

Baada ya kuvuna, kata kisiki usawa wa ardhi na ukifukie kwa udongo uliokanyagwa. Ukikata, tazama uso wa tunguu: hesabu matundu na uandike tarehe daftarini. Idadi hiyo ikishuka kutoka mavuno moja hadi mengine, mitego inafanya kazi. Isiposhuka, anza kwa kuangalia kama vipande vinatolewa kwa wakati.